Homa Ilirudi Mama Akiwa Mahabusu

Keyla Rumengan aliubana mdomo kama mlango wa duka siku ya Jumapili. Alikuwa na miaka sita, mashavu yamemwiva kwa homa, na alikwisha jifunza kwamba kila mtu mzima anayeingia wodini mle, hospitali ya Manado, anataka kumchungulia kinywani.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema Daktari Yolla Sumual, tochi mkononi. "Inspekta ametoka Tomohon, kule milimani, kuja kukuona wewe."

Mtoto akamtazama Inspekta Meiske Lontoh kuanzia viatu hadi nywele. "Amemleta mama?"

Meiske alikuwa amehoji matapeli, wezi wa magari na wauaji wawili watatu, lakini hakuwahi kuhojiwa na mtoto. Akainama hadi macho yao yakalingana.

"Bado," alisema.

"Basi sifungui."

"Nikiangalia leo, huenda nikajua namna ya kumleta upesi."

Hakuwa na hakika kama hiyo ilikuwa ahadi au uongo. Keyla aliipima, akaona inafaa, akafungua. Vidonda vilikuwa vya mviringo, vyeupe katikati, vyekundu pembeni: kwenye ulimi, ndani ya mdomo wa chini, kimoja nyuma karibu na koo. Daktari alimulika sekunde chache tu, akazima tochi na kumfuta mtoto machozi.

Nje, koridoni, Sajini Rolly Pinontoan alikuwa akiwasubiri huku amekumbatia kofia. Tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amelala vibaya kwenye benchi.

"Ni vipya?" aliuliza.

"Vipya kabisa," daktari alijibu. "Vile vya mwanzo vilikwisha kauka. Goti la kulia lilivimba kwanza, hivi vikafuata, na homa imerudi jana asubuhi."

Rolly akamgeukia bosi wake. "Afande, mshukiwa wetu ana wiki ya pili yuko nyuma ya nondo."

"Najua aliko, Rolly. Mimi ndiye niliyemweka."

Kesi ilianza na bibi mmoja mwenye gauni jeusi la kanisani. Sientje Rumengan, ambaye mtaa mzima walimwita Oma Sientje, yaani Bibi Sientje, kiongozi wa akina mama wa kanisa lake, aliingia kituoni na kusema bila kutetemeka kwamba mke wa mwanawe amemuua mjukuu wake Gilbert mwaka uliopita, na sasa anammaliza Keyla. Vidonda ndivyo vilivyokuwa ushahidi. Tabibu wa zahanati alikuwa ametikisa kichwa na kusema mdomo wa namna hiyo amewahi kuuona kwa mtu aliyekunywa sumu ya kuulia magugu, na familia ya Rumengan walilima maua. Sumu ya magugu ilijaa kwenye banda lao. Polisi walipopekua, chini ya godoro la mkwe walikuta chupa ya kahawia isiyo na nembo. Wakamuuliza ni ya nini. Mkwe, Sarlin Makahinda, mwanamke wa visiwa vya Sangihe aliyeolewa huku milimani, alikaa kimya. Kwa mwendesha mashtaka kimya kile kilitosha. Alikuwa ameagiza hata kaburi la Gilbert lifukuliwe siku ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa karibu.

"Basi kuna mkono mwingine," Rolly alisema kwa sauti ya chini. "Nani anamletea mtoto chakula?"

"Bibi yake," alijibu daktari. "Kila asubuhi, uji wa maboga na mboga. Wauguzi wanamshukuru. Keyla akishikwa na vidonda hali kwa mtu yeyote isipokuwa kwa Oma. Sisi tukimlisha analia, Oma akimlisha anameza."

Rolly aliinua nyusi hadi zikakaribia nywele. Meiske alilihifadhi kichwani lile neno la kumlisha.

"Daktari," aliuliza, "ungekuwa wewe ni polisi, ungemtafuta nani?"

"Nisingemtafuta mtu. Sumu ya magugu huchoma mdomo, kweli, lakini haiishii hapo. Huenda kwenye mapafu na figo. Mapafu ya huyu mtoto ni safi, figo safi, mkojo wake nimeupima, hauna kitu. Na sumu haiendi likizo ikarudi pamoja na goti. Nadhani mwili wake unajipiga wenyewe. Kuna ugonjwa wa kurithi wa namna hiyo, nadra sana. Kwa kawaida hupita kutoka kwa mzazi hadi mtoto, na mara nyingi ukitafuta unamkuta mtu mwingine kwenye ukoo mwenye vidonda hivi hivi. Nimemuuliza baba, akasema hana. Nimemuuliza bibi, akaniapia kwamba ukoo wao hauna ugonjwa." Akatabasamu kwa uchovu. "Mimi nimezoea watu wanaosema wapi panauma. Wewe umezoea watu wanaosema hakuna kitu."

*

Sarlin aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amevaa kandambili za mahabusu zilizomzidi miguu. Meiske alimwashiria akae, akaiweka ile chupa ya kahawia mezani katikati yao.

"Mkemia amejibu. Mafuta ya nazi, manjano na mzizi wa kienyeji. Hayaui hata mende. Kwa nini hukusema?"

Sarlin aliitazama chupa kama mtu anayekutana na jirani wa kwao ugenini. "Yametoka kwa baba yangu. Nampaka Keyla magoti yakivimba. Mama mkwe alisema akiona tena dawa za visiwani nyumbani mwake nitaondoka na virago vyangu. Mliponiuliza alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Nikajua nikisema, nitakuwa mchawi."

"Kwa hiyo ukachagua kuwa muuaji?"

"Sikuchagua, afande. Nilichoka."

Meiske alimwangalia kwa makini kabla ya kutamka lililofuata, maana alitaka kuuona uso wake. "Homa ya Keyla imerudi. Na vidonda."

Mtu yeyote aliyeshtakiwa angelirukia neno lile kama kamba. Mtoto kuugua huku mama yuko ndani, ndiyo kamba ya kumtoa. Sarlin hakuiona kamba. Alisimama nusu, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Goti lipi?"

"La kulia."

"Nani anamkanda usiku? Ukimwacha bila kumkanda anaota ndoto mbaya. Waambie wasimpe kitu cha moto. Wasimlazimishe kupiga mswaki."

"Kaa, Sarlin. Huanza hivyo siku zote?"

"Goti kwanza. Halafu mdomo, halafu homa. Gilbert naye hivyo hivyo, ila yeye ilimshukia tumboni." Akakaa. "Akatoka damu. Tulipofika hospitali wakasema utumbo umetoboka. Alikuwa bado hajajua kusema 'tumbo', afande. Alikuwa akisema 'tubo'."

Meiske alingoja. Katika kazi yake kuna kungoja kwa kumbana mtu na kuna kungoja kwa kumheshimu, na yeye alijua tofauti.

"Kwenu Sangihe," aliuliza baadaye, "kuna mtu mwenye vidonda kama hivi?"

"Hakuna. Ningejua, sisi tunalala chumba kimoja watu sita."

"Kwa mumeo?"

"Jemmy anasumbuliwa na magoti. Anasema ni lori, kukaa muda mrefu kwenye usukani."

"Na mama mkwe?"

Sarlin alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama haumwi. Mama hajawahi kuumwa. Akikaa siku mbili tatu chumbani amefunga mlango, tunaambiwa anafunga na kuomba."

*

Nyumba ya Rumengan ilikuwa ya mbao, yenye ngazi mbele na safu za maua hadi kwenye kona ya barabara. Oma Sientje aliwapokea barazani akiwa anashona pindo la kitambaa cha madhabahu. Aliukata uzi kwa meno, tena meno yake mwenyewe, imara, akachoma sindano kwenye kifuko na kuamuru ndizi ziletwe. Jemmy, mwanawe, akazileta: ndizi za kukaanga, chai, na bakuli la sambali, pilipili nyekundu ya kusaga, iliyokuwa ikitoa jasho la mafuta. Akatua sinia, akamtazama Meiske kana kwamba anataka kuuliza jambo, kisha akachechemea kurudi ndani.

Rolly hakuhitaji kukaribishwa mara ya pili. Alichovya ndizi kwenye sambali mpaka ikazama, akaitafuna, akafuta machozi kwa furaha.

"Oma," alisema akiwa bado anahema kwa pilipili, "ule uji wa hospitali unaupika wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine? Aliyekuwa akipika mmemfunga."

"Na kabla mtoto hajala, nani anauonja?"

Bibi aliweka kitambaa chini polepole. "Unataka kusema nini, kijana?"

"Nauliza tu."

"Unauliza kama mimi ndiye. Kesho nitakuletea bakuli lako uonje wewe. Kwa nilivyokuona na hizo ndizi, huna historia ya kukataa chakula."

Rolly akaona haya, lakini mkono wake ukaendelea kuelekea kwenye sahani. Meiske alikuwa hajagusa kitu. Alikuwa akitazama kikombe cha Oma. Bibi alikuwa ametumbukiza ndizi yake ndani ya chai iliyopoa, akiibonyeza kwa kijiko mpaka ikalainika, na bakuli la sambali alikuwa amelisukuma mbali kama linanuka. Huku milimani mtu hula ndizi kwa pilipili tangu akiwa ananyonya. Mtu mwenye meno ya kukata uzi, analainisha ndizi ya nini?

"Sajini," alisema Meiske, "nenda kaangalie tena lile banda la sumu. Hesabu madumu."

"Tulikwisha yahesabu, afande."

"Yahesabu kwa Kiholanzi basi."

Rolly alielewa. Akachukua ndizi ya njiani na kuondoka.

Wawili wale walibaki na mlio wa lori likipandisha kilima. Meiske alisogeza kiti chake.

"Oma, uji wa Keyla unauacha upoe?"

"Uwe vuguvugu."

"Pilipili?"

"Mtoto mgonjwa nimpe pilipili?"

"Chumvi?"

"Chembe tu. Chumvi inachoma."

"Nimemuuliza muuguzi unamlishaje. Anasema kijiko hukipitishi mbele. Unakiingiza pembeni, kwenye shavu, unakigeuza, uji unateremka bila kugusa ulimi. Wauguzi wamejaribu kukuiga, wameshindwa. Nani alikufundisha kumlisha mtu mwenye vidonda?"

Oma aliokota kitambaa, akatafuta sindano, ingawa ilikuwa mbele yake.

"Nimelea watoto," alisema.

"Watoto wote wa dunia wamelelewa na mtu, na sijaona anayelisha hivyo. Hiyo si mbinu ya mlezi. Ni ya mtu anayejua panapouma." Meiske akashusha sauti. "Oma, tafadhali. Fungua mdomo."

"Una wazimu wewe."

"Ijumaa wanafukua kaburi la Gilbert. Wataliweka lile jeneza dogo juani. Nikijua ninachotaka kujua, nitawazuia. Nisipojua, siwezi."

Bibi alikuwa na uso mgumu, uso wa kusimamia kwaya. Ulianza kulegea kwenye kidevu. Alitazama mlango ambao Jemmy alipita, akatazama barabara, kisha akamgeukia inspekta na kuuvuta mdomo wake wa chini kwa kidole, haraka, kama mtu anayefunua sketi mbele ya daktari. Ndani kulikuwa na duara mbili nyeupe zenye ukingo mwekundu. Meiske alikuwa ameziona asubuhi ile ile kwenye kinywa kidogo zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu msichana." Sauti ilikuwa ya chini, haikuwa ile ya kanisani. "Vinakuja, vinaondoka. Na si mdomoni tu."

"Wapi pengine?"

"Usinitamkishe. Huku chini." Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipokwenda kwa muuguzi. Alinitazama, akaniuliza nimelala na wanaume wangapi. Sikuwa nimeshikwa hata mkono. Alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mama yangu akaniambia nisitamke tena maisha yangu yote, nitakosa mume. Nikanyamaza. Nimemzika mume wangu bila yeye kujua."

"Na ulipoviona kwa Gilbert?"

Oma aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Alijibu akiangalia maua.

"Nilijua vinafanana. Nikasema hapana. Huu wangu ni ugonjwa wa aibu, na mtoto mdogo ataupata wapi ugonjwa wa aibu? Hajafanya kitu. Kwa hiyo lazima amefanyiwa. Na aliyekuwa karibu naye ni nani? Yule mgeni." Mikono ikatulia. "Ilikuwa rahisi, Inspekta. Mungu anisamehe, ilikuwa rahisi sana."

Rolly alirudi, akakuta bosi wake amemshika bibi mkono. Akafungua mdomo aripoti kuhusu madumu, akaufunga.

*

Siku iliyofuata Oma alikaa mbele ya meza ya Daktari Yolla akiwa amevaa lile gauni jeusi, mkoba magotini. Alikubali kutolewa damu kwa sharti moja: aelezwe kwa maneno ya watu.

"Mwilini tuna walinzi," daktari alianza. "Seli za kinga. Hatari ikija, ujumbe unagonga kwenye ngozi ya seli. Ndani, protini moja inaupokea na kuipa ya pili, ya pili inaipa ya tatu, mpaka kwenye kiini, ambako amri inatoka: washeni moto. Moto huo ndio homa na uvimbe. Unaua vijidudu, kwa hiyo ni mzuri, mradi uzimwe."

"Na nani anauzima?" Meiske aliuliza.

"Amri ile ile iliyouwasha. Inapoagiza moto, inaagiza pia itengenezwe protini ya kuuzuia. Sisi tunaiita A-ishirini. Inarudi kwenye ule mstari wa kupokezana, inawavua wapokezanaji alama zao za kazi, na ujumbe unakatika. Walinzi wanapumzika. Zipo protini nyingine za kuzuia, mwili haukutegemea breki moja, lakini hii ni kubwa."

Oma alikuwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza mahubiri. "Kama king'ora cha mlima," alisema ghafla. "Mwaka ule volkano ya Lokon iliponguruma tulikimbia wote. Baadaye wakapita watu kutangaza kwamba imetulia, tukarudi. Lakini watangazaji walikuwa wachache, kule bondeni hawakufika. Wa bondeni waliendelea kukimbia. Walikanyaga bustani zao wenyewe. Jirani yangu alivunjika nyonga, na hapakuwa na hata jivu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ndivyo hasa. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza hao watangazaji, moja ya baba na moja ya mama. Nadhani Keyla nakala yake moja ni mbovu, kwa hiyo anatengeneza nusu. Mafua kidogo, mkwaruzo, basi king'ora kinalia na watangazaji hawafiki. Walinzi wanakanyaga mdomo, magoti, utumbo. Hakuna adui. Wala hakuna sumu."

"Na hiyo nakala mbovu…"

"Tukipata majibu tutajua. Lakini nadhani imetoka kwako kwenda kwa Jemmy, na kwa Jemmy kwenda kwa watoto. Haiwapigi nyote kwa nguvu moja. Wewe ulipata vidonda, Jemmy magoti, Gilbert alipata mabaya zaidi. Kwa nini inatofautiana, bado tunatafuta."

Bibi aliukaza mkoba. "Kwa hiyo si uchafu."

"Si uchafu, Mama. Haujawahi kuwa uchafu. Ni kama rangi ya macho."

"Miaka yote hii." Akavuta pumzi. "Na Gilbert. Ningesema, angepona?"

Meiske alitamani daktari adanganye. Daktari Yolla hakudanganya, ila alisogea na kukaa upande ule wa meza aliokaa bibi.

"Huenda. Ipo dawa ya kuuzuia ule ujumbe usigonge mlangoni. Nimemwanzishia Keyla ya kutuliza kwanza, na hiyo nyingine nimeiagiza. Kwa Gilbert, hata wewe ungesema, ingebidi akutane na daktari anayejua kusikiliza. Nami sijui kama angekutana naye. Usijibebeshe yote."

Oma alilia bila sauti, kwa namna ya mtu aliyezoea kulia nyuma ya mlango.

Meiske alitoka koridoni, akampigia mwendesha mashtaka. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwendesha mashtaka alitaka majibu ya vinasaba kwanza. Meiske akamwambia majibu yanatoka Jakarta na yatachukua muda wake, lakini mkemia hana sumu, daktari hana sumu, na mtoto ameugua huku mama yake amefungiwa na funguo ziko mfukoni mwa polisi. "Sasa bosi," alimalizia, "ukitaka kufukua mtoto Ijumaa, njoo ushike jembe wewe mwenyewe, mimi nitawaleta waandishi wa habari." Upande wa pili kikasikika kikohozi. Ijumaa ikafutwa.

*

Sarlin aliachiwa alasiri, mvua ikinyesha. Rolly ndiye aliyempeleka hospitali, na njiani, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, aliomba msamaha mara tatu na kumnunulia keki ya wali ambayo mwanamke huyo hakuila. Alipoingia wodini Keyla alikuwa amelala. Homa ilikuwa imeshuka. Sarlin hakumwamsha, alipanda kitandani na kandambili zake, akajikunja nyuma ya mtoto, akamwekea mkono kwenye goti. Jemmy alikuwa amesimama ukutani na machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola.

"Nilipaswa kukutetea," alisema.

"Ulipaswa," alijibu mkewe. Kisha akasogeza mguu ili mumewe apate pa kukaa.

Majibu ya Jakarta yalikuja Keyla akiwa amekwisha anza ile dawa ya sindano, na anakimbia koridoni akigombezwa na wauguzi. Bibi, baba na mtoto: kasoro ile ile, mahali pale pale. Sarlin hakuwa nayo. Meiske aliteremka Manado kuwaambia yeye mwenyewe, ingawa angeweza kupiga simu.

Oma alikuwa mlangoni mwa wodi, hajathubutu kuingia. Sarlin alikuwa anakunja nguo za mtoto, wakijiandaa kurudi nyumbani. Alisikia yote bila kuacha kukunja.

"Ulinipeleka polisi, Mama," alisema, bila kugeuka.

"Nilikupeleka."

"Kwenye mazishi ya mwanangu uliwaambia watu nisitupe udongo."

"Nilisema."

"Na ulivijua vile vidonda."

"Nilijikataza kuvijua." Oma alishika mwimo wa mlango. "Sina la kujitetea, mwanangu. Kama ungetaka nihame, ile nyumba…"

"Sitaki nyumba." Sarlin aligeuka sasa. "Nilikuwa na siku nyingi mle ndani za kujizoeza kukuchukia. Nilikuwa nimefika pazuri. Halafu Inspekta ananiambia habari za yule muuguzi na foleni, na miaka yote ile ukijifungia chumbani tukidhani unaomba."

"Nilikuwa naomba pia," Oma alisema kwa unyonge.

Daktari Yolla, aliyekuwa akipita hapo na mafaili, aliingilia kwa upole. Oma naye alihitaji kupimwa macho na tumbo, alisema, na kliniki ilikuwa ghorofa ya chini, wazi mpaka saa nane.

"Mimi ni mzee," Oma alisema. "Nimeishi nao, niacheni nife nao. Kliniki ile imejaa watu."

Sarlin akaweka nguo chini.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Kweli sijui. Ila sitaki ufe kabla sijajua."

Akamkabidhi Jemmy mfuko, akatangulia. Oma alisimama kidogo, akamfuata. Meiske, ambaye hakuwa na kazi tena pale, aliteremka nyuma yao, akijiambia kwamba gari lake liko upande ule.

Kliniki ilikuwa imejaa kweli. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakila karanga na kutazama simu. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na muuguzi wa makamo, miwani puani.

"Mgonjwa nani?"

"Mimi," alisema Oma Sientje.

"Shida nini, Mama?"

Oma alitazama nyuma. Viti vyote vilikuwa na watu. Meiske alimwona Sarlin amesimama hatua moja nyuma ya bibi, hamsukumi, hamgusi. Kisha ile sauti ya kusimamia kwaya ikatoka, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Vidonda. Mdomoni, na sehemu za siri. Tangu nina miaka kumi na mitano."

Hakuna aliyegeuka. Mtu mmoja alikohoa, mtoto akadai karanga. Muuguzi aliandika, akapiga mhuri, akampa namba.

"Pole, Mama. Kaa pale, utaitwa."

Oma alikishika kile kikaratasi kana kwamba hajaelewa kuwa yamekwisha. Akaenda, akakaa. Sarlin naye akakaa safu ile ile, akaacha kiti kimoja kitupu katikati yao.